Chumvi Ndani ya Damu: Kwa Nini Maji Matupu Hayamtoshi Mtoto Anayeharisha



Wanafunzi wetu na wazazi wapendwa, katika ukurasa wa afya mwaka huu tumechagua kuzungumzia kitu kilichomo katika kila jiko la Usambara, la tajiri na la maskini, nacho ni chumvi. Tunajua baadhi yenu mtasema kuwa chumvi ni jambo dogo. Lakini wapo wazazi ambao mpaka leo mtoto akianza kuharisha humnyima maji, kwa kuwa wameona kwa macho yao kwamba kila anaponywa anakwenda chooni tena. Wapo wanaompa maji matupu mengi, na mtoto anazidi kulegea. Na wapo wanaotuma dukani soda baridi, wakiamini kuwa sukari itamtia nguvu. Wote hawa wanampenda mtoto wao. Kinachokosekana ni kufahamu kilichotoka mwilini pamoja na yale maji, na namna ya kukirudisha.

Hicho kilichotoka wataalamu wanakiita elektroliti. Wanafunzi wa sekondari huenda wamekutana na neno hili katika somo la kemia. Wazazi wasitishwe nalo, tutalieleza polepole.

Elektroliti ni nini?

Chukua chumvi ya mezani, uitie katika glasi ya maji na ukoroge. Baada ya muda huioni tena. Watu husema imeyeyuka, na ni kweli, lakini kuna jambo la ziada limetokea. Chumvi ile imeundwa na vitu viwili vilivyoshikana, sodiamu na kloraidi. Ndani ya maji vinaachana, na kila kimoja kinabaki na chaji yake ya umeme, sodiamu chaji chanya na kloraidi chaji hasi. Ndiyo maana maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Mwanafunzi aliyewahi kuunganisha betri, nyaya mbili na balbu ndogo kupitia bilauri ya maji ya chumvi ameliona hilo mwenyewe, kwani kwa maji safi yasiyo na kitu balbu haiwaki.

Mwingereza Michael Faraday ndiye aliyevipa vitu vya namna hii jina la elektroliti, mwaka 1834. Miaka 50 baadaye, mwaka 1884, kijana wa Sweden aitwaye Svante Arrhenius aliandika katika tasnifu yake kuwa chumvi hugawanyika yenyewe ndani ya maji. Walimu wake hawakuridhika, wakampa alama ndogo sana. Mwaka 1903 kijana huyo huyo akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa maelezo yale yale. Wanafunzi mnaokatishwa tamaa na alama za mtihani mmoja mnaweza kulikumbuka jina lake.

Mwilini mwetu elektroliti kubwa ni sodiamu, potasiamu, kloraidi, kalsiamu, magnesiamu, fosfeti na baikabonati. Hatutazieleza zote. Kwa makala hii mbili za kwanza ndizo zenye kisa.

Kazi yake ndani ya mwili

Mwili wa mtu mzima ni maji kwa zaidi ya nusu, kama asilimia 60 hivi, na wa mtoto aliyezaliwa sasa hivi ni karibu asilimia 75. Maji hayo si matupu hata kidogo. Onja machozi yako, onja jasho lako, utakuta chumvi. Damu nayo ina chumvi, na kipimo chake hakiachwi kipande na kushuka ovyo. Sodiamu katika damu ya mtu mwenye afya huwa kati ya milimoli 135 na 145 katika kila lita. Potasiamu huwa kati ya 3.5 na 5 tu. Anayelinda mizani hii ni figo, mchana na usiku, akipunguza kilichozidi kwa njia ya mkojo na kuzuia kilichopungua kisitoke.

Mtauliza, kwa nini potasiamu ni kidogo hivyo katika damu? Ni kwa sababu karibu yote imo ndani ya seli, zile chembe ndogo zilizojenga mwili mzima. Sodiamu iko nyingi nje ya seli na potasiamu iko nyingi ndani. Na haikai hivyo bila kazi. Katika ngozi ya kila seli kuna pampu ndogo mno ambazo kila zamu hutoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani, bila kupumzika, hata ukiwa umelala. Mdenmark Jens Skou aligundua pampu hiyo kwa kuchunguza mishipa ya fahamu ya kaa, akatangaza matokeo yake mwaka 1957, na mwaka 1997 akapewa Nobel. Pampu hizo hutumia sehemu kubwa ya nguvu tunayoipata katika chakula.

Faida yake ni nini? Kwa kuwa chaji za ndani na za nje hazilingani, kila seli inakuwa kama betri iliyochajiwa. Mkono wako unapofunua ukurasa huu, ujumbe umetoka katika ubongo na kupita katika mishipa ya fahamu kwa njia ya milango midogo inayofunguka na kufungika, sodiamu ikiingia na potasiamu ikitoka. Moyo nao unadunda kwa utaratibu huo, na kalsiamu ikisaidia misuli yake kukaza. Basi potasiamu ikipungua sana misuli hulegea, tumbo hujaa gesi, na moyo hudunda vibaya. Ikizidi sana moyo unaweza kusimama. Sodiamu ikishuka ghafla ubongo huvimba, na mgonjwa huchanganyikiwa au hupata degedege. Si jambo dogo tena.

Tunavyovipata hapa Lushoto

Kwa upande wa potasiamu, watu wa Usambara tumejaaliwa. Ndizi tunazo, viazi mviringo tunavyo, maharage, parachichi, mboga za majani, karoti, nyanya, na matunda kama peasi na plamu. Malori ya kabichi na viazi yanayoshuka Soni kwenda Mombo na kuelekea Dar es Salaam yamebeba potasiamu ya kuwatosha watu wengi wa mjini. Gramu 100 za ndizi mbivu zina miligramu zipatazo 360 za potasiamu, na parachichi linaishinda ndizi, kwani gramu 100 zake zina karibu 480. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku, na kwa chakula cha shamba kiasi hicho kinapatikana bila kununua kitu cha kopo.

Kuna tahadhari mbili. Kwanza, potasiamu huyeyuka katika maji ya kupikia. Ukimenya viazi, ukavikatakata vipande vidogo, ukavichemsha katika maji mengi na kisha ukayamwaga, umemwaga na sehemu ya potasiamu. Mchuzi wake uliwe, au mboga ipikwe kwa maji machache. Pili, yote tuliyosema ni kwa mwenye figo nzima. Mgonjwa wa figo hawezi kuitoa potasiamu inayozidi, na kwake yeye ndizi na maparachichi mengi ni hatari ya kweli. Huyo afuate maelezo ya daktari wake, na wala asisukumwe na ndugu kwa kuambiwa kuwa matunda hayana madhara.

Sodiamu ni habari nyingine. Vyakula vya shambani vina sodiamu kidogo sana, kwa hiyo karibu yote tunaipata katika chumvi inayopanda mlima kutoka kwingine, na mashamba ya chumvi ya pwani yetu ya Tanga hayako mbali. Lakini kwa kuwa chumvi siku hizi ni rahisi, tatizo la watu wazima wengi limekuwa kuzidisha. Kipimo cha juu kwa mtu mzima ni gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo katika mkate, chipsi na vitafunwa vya pakiti. Anayenyunyiza chumvi mezani kabla hajaonja mchuzi, tena ana shinikizo la damu, ajihurumie.

Hapo hapo tuseme neno moja kuhusu madini joto, ingawa hayamo katika mada yetu. Udongo wa milimani huoshwa na mvua miaka na miaka, na madini joto huondoka nao, ndiyo maana ugonjwa wa uvimbe wa shingo umejulikana zaidi sehemu za milima. Tangu katikati ya miaka ya 1990 Tanzania imeagiza chumvi ya kula itiwe madini joto. Kwa hiyo chumvi ya mawe isiyo na pakiti, hata ikiwa na bei nafuu, ina upungufu wake. Haya, turudi kwenye sodiamu.

Mtoto anapoharisha

Utumbo wetu kila siku hupokea lita kadhaa za majimaji, yanayotokana na tunachokunywa na yanayomwagwa na tumbo lenyewe kwa ajili ya kusaga chakula, kisha huyanyonya karibu yote na kuyarudisha katika damu. Anapoharisha mtu, kazi ya kunyonya huharibika, na pengine utumbo humwaga zaidi ya kawaida. Yanayotoka si maji matupu. Yametoka na sodiamu, kloraidi, potasiamu na baikabonati. Katika kipindupindu kikali mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa, majimaji meupe kama yaliyooshewa mchele, na akafa ndani ya siku moja hali bado ana fahamu zake.

Ugonjwa huu si mgeni katika nchi yetu. Daktari wa Kiskochi James Christie, aliyekuwa Unguja wakati huo, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1876 kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki. Humo anaeleza jinsi tauni ile ya mwaka 1869 ilivyopita bara, katika nchi ya Wamasai, ikateremka hadi Pangani, ndipo ikafika Unguja na kuua maelfu ya watu. Mwenye kuijua ramani ataona kuwa mto Pangani unapita bondeni, chini ya milima yetu. Karne moja na nusu baadaye, Agosti 2015, kipindupindu kililipuka Dar es Salaam na kuenea mikoa mingi na Zanzibar. Hadi mwaka 2018 walikuwa wameugua zaidi ya watu 30,000 na kufariki zaidi ya 500.

Sasa, jambo la ajabu ni kwamba dawa ilikwisha kuonekana zamani, kabla hata ya wakati wa Christie. Mwaka 1831 daktari kijana, William O'Shaughnessy, alipima damu ya wagonjwa wa kipindupindu Uingereza akakuta imepungukiwa maji na chumvi. Mwaka uliofuata Thomas Latta, huko Leith katika Uskochi, aliwatia wagonjwa maji ya chumvi katika mshipa, na baadhi ya waliokuwa wamekwisha kukatiwa tamaa wakakaa kitako na kuzungumza. Hiyo ndiyo baba wa dripu ya leo, ambayo ina gramu 9 za chumvi katika kila lita. Lakini dripu inataka sindano safi, maji safi na mtu aliyefundishwa. Kijijini, usiku, barabara ikiwa imekatika kwa mvua, dripu haipo.

Kwa nini basi asinyweshwe tu maji ya chumvi? Watu walijaribu, wakaona hayasaidii, mgonjwa anaharisha zaidi. Yule bibi anayesema "usimpe maji" alikuwa na ushahidi wake. Jibu lilipatikana mwaka 1960, pale Robert Crane alipoeleza kuwa katika ukuta wa utumbo kuna mlango unaopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja. Glukosi ni aina ya sukari. Sodiamu ikija peke yake mlango huo haufunguki. Zikija mbili zinaingia, na maji yanazifuata nyuma. Na rehema iliyopo ni kwamba kipindupindu na aina nyingi za kuharisha huvuruga mambo mengine ya utumbo lakini mlango huu huuacha ukifanya kazi.

Mwaka 1968 madaktari David Nalin na Richard Cash walithibitisha hospitalini Dhaka kwamba wagonjwa wa kipindupindu wakinyweshwa maji yenye chumvi na glukosi kwa kipimo, haja ya dripu hupungua sana. Miaka mitatu baadaye likaja jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Vita vya Bangladesh vya mwaka 1971 viliwasukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India, na katika kambi ya Bongaon kipindupindu kikawaka. Dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza chumvi na glukosi zipimwe, zitiwe katika mifuko, zikorogwe katika madumu ya maji, na ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu watu 30 katika kila 100. Kwa waliotibiwa kwa njia hii vifo vilishuka mpaka chini ya 4 katika 100. Mahalanabis alifariki mwaka 2022, na si wengi wanaomjua, ingawa kuna watoto wengi walio hai kwa kazi yake kuliko wa madaktari wengi maarufu.

Na Bangladesh yenyewe, nchi ya Waislamu wenzetu na maskini wakati ule, haikusubiri hospitali zijengwe. Kuanzia mwaka 1980, kwa muda wa miaka kumi, wanawake waliofundishwa na shirika la BRAC walitembea nyumba kwa nyumba, zaidi ya nyumba milioni 12, wakimfundisha kila mama kupima chumvi kwa ncha za vidole vitatu na sukari guru kwa konzi ya mkono. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa mama anayejua kupima ana dawa mkononi kabla ya kufika zahanati.

Pakiti ya O.R.S. na kipimo chake

Pakiti hiyo inapatikana zahanati na katika maduka ya dawa muhimu. Ile ya kipimo kinachotumika tangu mwaka 2002 ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 1.5 za chumvi ya potasiamu, gramu 2.9 za sitreti na gramu 13.5 za glukosi. Jumla ni gramu 20.5, na yote hayo yanakorogwa katika lita moja ya maji safi na salama.

Lita moja. Hapa ndipo tunawaomba mkae kidogo, kwa sababu makosa mengi yanatokea hapa. Ukitia pakiti nzima katika chupa ya nusu lita, umeyafanya makali maradufu, na badala ya kuingia katika damu, maji yatavutwa kutoka katika damu kuja utumboni. Ukitia katika chupa kubwa ya lita moja na nusu, yatakuwa mepesi mno na chumvi haitatosha. Ukigawa pakiti kidogo kidogo katika kikombe kwa kukisia, hujui unachompa mtoto. Chupa mbili za maji za nusu lita ni lita moja kamili. Chupa tatu za soda za mililita 350 zinazidi kidogo tu, hazina neno. Ni vizuri kila nyumba iwe na dumu moja ambalo mstari wa lita umechorwa juu yake siku ambayo hakuna mgonjwa. Kazi hiyo mwachieni mwanafunzi wa darasa la tano, ataifurahia.

Maji yachemshwe na kuachwa yapoe. Chemchemi zetu ni baridi na nzuri kwa macho, lakini baridi haiui vijidudu, na juu ya chemchemi nyingi kuna mashamba, ng'ombe na nyumba za watu. Dawa ikishakorogwa isikae zaidi ya saa 24. Iliyobaki imwagwe, ikorogwe nyingine.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha. Aliyezidi umri huo apewe mililita 100 hadi 200. Apewe kwa kijiko au kwa kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, subirini dakika 10, kisha mwendelee polepole zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Kuharisha hakutakoma mara moja, na hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa na kuitupa dawa. Kazi ya O.R.S. ni kurudisha kilichopotea. Kinachosaidia kufupisha siku za kuharisha ni vidonge vya zinki vitolewavyo pamoja nayo, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kwa muda wa siku 10 hadi 14, hata kama ameshapona siku ya tatu.

Na kama pakiti hakuna? Vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa mgongo wa kisu, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa. Onjeni kabla ya kumpa mtoto. Yakiwa na chumvi kushinda machozi, mwageni. Mchanganyiko huu wa nyumbani hauna potasiamu, kwa hiyo mtoto aliyeanza kula apewe na ndizi mbivu iliyopondwa. Uji mwepesi wenye chumvi kidogo nao ni mzuri.

Soda haifai. Lita moja ya soda ina takriban gramu 100 za sukari, zaidi ya mara saba ya glukosi ya pakiti, na sodiamu yake ni kidogo. Sukari nyingi hivyo huvuta maji kuja utumboni. Madafu tunayoletewa kutoka pwani yana sifa nyingi za kweli, na potasiamu yake ni ya kutosha, lakini sodiamu yake haifikii kinachopotea. Ni kinywaji kizuri kwa mtu mzima mwenye jasho, na hakichukui nafasi ya pakiti.

Baridi, jasho na funga

Sisi wa milimani tuna udanganyifu mmoja wa hali ya hewa. Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya bahari, na miezi ya Juni na Julai baridi hutufanya tusahau kiu. Mwili katika baridi haudai maji kama unavyodai kwenye joto, na mkojo huongezeka. Mzee anayekaa karibu na moto siku nzima kwa kikombe kimoja cha chai anaweza kuwa amepungukiwa maji asijue, na dalili yake ya kwanza ikawa kizunguzungu akiinuka kwenda kutawadha. Kijana anayeshuka Mombo kupakia mizigo anakutana na joto la tambarare, anatoka jasho ambalo mwili wake haukulizoea. Huyo maji na chakula chake cha kawaida chenye chumvi vinamtosha. Hana haja ya vinywaji vya rangi vinavyotangazwa kwa wanamichezo.

Kuhusu Ramadhani, mtu mzima mwenye afya asiogope. Saa 13 hivi za mchana wetu figo lake linazimudu, kwani homoni za mwili huliamuru libane maji na sodiamu. Aliyefuturu kwa tende na maji, kama ilivyo Sunna, amepata sukari na potasiamu kwa pamoja, kisha supu au uji huleta chumvi. Kilicho bora ni kunywa maji mara nyingi kati ya futari na daku, kwani lita mbili zinazobugiwa dakika za mwisho huishia chooni mapema. Lakini aliyeamka na kuharisha au kutapika ni mgonjwa, na mgonjwa amepewa ruhusa katika Kitabu, naye atalipa siku zake. Tumeona vijana wakiona haya kufungua mbele ya wenzao. Mwanafunzi akilegea, macho yameingia ndani, mwalimu au mzazi amwambie wazi anywe. Wenye kisukari, wenye ugonjwa wa figo na wanaotumia dawa za kuongeza mkojo wazungumze na daktari na sheikh kabla ya mwezi kuandama.

Dalili za kukimbilia hospitali

Mtoto analia bila machozi. Mdomo na ulimi vimekauka. Macho yameingia ndani, na kwa mtoto mchanga utosi umebonyea. Mkojo ni kidogo na wa rangi nzito, au haupo kwa saa nyingi. Ukibinya ngozi ya tumbo na kuiachia, inarudi polepole kama kitambaa. Hataki kunywa tena, au amelala na haamki vizuri. Kinyesi kina damu. Ukiona mojawapo ya haya, pakiti ya nyumbani peke yake haitoshi, mtoto apelekwe upesi kwenye kituo cha afya, au hospitali ya Lushoto au Bumbuli, ipi iliyo karibu.

Anayetoka Mtae ana zaidi ya kilomita 50 za barabara ya milima mpaka Lushoto mjini, na gari pengine ni moja kwa siku. Basi O.R.S. ikorogwe kabla ya kuondoka, mama apande gari akiwa na chupa na kijiko mkononi, na aendelee kumpa njia nzima. Akifika amweleze mganga mambo matatu: mtoto ameharisha mara ngapi tangu jana, amekojoa lini mara ya mwisho, na amekunywa O.R.S. kiasi gani.